MGENI ALIYEPEWA JEMBE
Safari katika makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, kutoka Tabora hadi Nyanza-Lac

Msafiri anayetoka Tabora kwenda Mpanda kwa garimoshi hufuata Reli ya Kati hadi stesheni ya Kaliua. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea magharibi mpaka Kigoma. Ya pili, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya Mpanda, hupinda kusini na kuingia katika msitu wa miombo. Kwa muda wa saa nyingi hakuna kinachoonekana dirishani ila miti, vichuguu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini, na mara moja moja stesheni ndogo yenye wauza karanga na asali. Garimoshi huvuka Mto Ugalla na kuendelea kuukata msitu. Kisha, abiria akiwa amekwisha kuzoea upweke ule, mashamba hutokea ghafula: mahindi, muhogo, tumbaku, migomba nyuma ya nyumba, na barabara zilizonyooka kana kwamba zimepigwa rula. Hapo ndipo Katumba.

Mgeni asiyeijua historia ya mahali hapa hudhani kwamba ameingia katika tarafa nyingine yoyote ya Mkoa wa Katavi. Watoto waendao shule humwamkia mtu mzima kwa shikamoo bila ya kuhimizwa. Sokoni bei hutajwa kwa Kiswahili, na ubishi wa mpira huendeshwa kwa Kiswahili vilevile. Lakini mgeni huyo akikaribishwa uani jioni, wakati chungu cha maharagwe kikitokota mekoni, atasikia lugha nyingine. Bibi huwaita wajukuu wake kwa Kirundi, nao wajukuu humwitikia kwa Kiswahili. Bibi huendelea na Kirundi chake, wao na Kiswahili chao, na hakuna anayeshindwa kumwelewa mwenzake wala anayeona ajabu. Katika mazungumzo hayo ya mekoni imo habari nzima ya watu wa Katumba.

WALIVYOFIKA

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka kusini mwa Burundi, katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac zilizo kando ya Ziwa Tanganyika. Waasi waliua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ililipiza kisasi kwa mauaji makubwa zaidi, yaliyoenea nchi nzima na kuendelea kwa miezi kadhaa. Wahutu waliokuwa na elimu au cheo chochote walisakwa: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara na askari. Makadirio ya idadi ya waliouawa ni baina ya watu 100,000 na 300,000. Walionusurika walikimbilia Zaire, Rwanda na, kwa wingi zaidi, Tanzania. Wengine walikuja kwa miguu usiku, wengine kwa mitumbwi, wakiwa wamebeba watoto mgongoni na kuacha chakula kikiwa bado motoni.

Iko methali inayojulikana kila mahali Kiswahili kisemwapo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tanzania iliwatendea wageni wake kama methali isemavyo. Hawakuwekwa muda mrefu karibu na mpaka wakingoja mgawo wa unga. Walipelekwa ndani ya nchi, katika misitu ambayo watu wake walikuwa wachache, wakapewa ardhi. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972, kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi iliyowahi kuwa ya Mtemi Mirambo. Katumba ilifuata mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, wakati ilipoonekana kwamba watu wa Ulyankulu wamezidi kiasi cha maji na ardhi iliyokuwapo. Kazi hiyo iliendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kilutheri lililohudumia wakimbizi nchini.

Kupewa ardhi ni neno dogo kwa kazi iliyofuata. Mahali hapo palikuwa na mbung'o na malale. Nguruwe mwitu walifukua mihogo, na simba walisikika jirani na vibanda. Wakulima waliotoka katika milima yenye baridi, ambako shamba la baba lilikuwa mgongoni mwa kilima na kila inchi yake ilijulikana, walijikuta katika tambarare ya miti isiyo na mwisho, joto kali, na udongo wasioujua tabia yake. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakajenga. Walijifunza tumbaku. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kwa Serikali, maana wakimbizi walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada ya mavuno yao nje ya makazi.

Methali, hata hivyo, huishia kwenye siku ya tatu. Haisemi mgeni huyo aitweje afikapo mwaka wa thelathini na jembe lake limekwisha kulika. Wala haisemi mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mgeni ni mgeni wa nani.

KIRUNDI CHA MEKONI, KISWAHILI CHA SHULENI

Kizazi cha kwanza kilizaliwa katika msitu huo kikiwa na nchi mbili. Nchi ya kwanza ilikuwa ya masimulizi. Usiku, baada ya chakula, wazee walisimulia habari za Burundi: kilima fulani, kijito fulani, ng'ombe wa babu, mgomba uliokuwa mbele ya nyumba. Neno lililorudiwa zaidi ya mengine lilikuwa itongo, yaani shamba la ukoo, mahali walipozikwa wahenga na ambapo kila mwana wa ukoo ana haki ya kipande chake. Mtoto wa Ulyankulu au Mishamo aliweza kueleza njia ya kufika kwenye itongo la babu yake, kutoka ziwani mpaka kileleni, ilhali hajawahi kulitia mguu. Alifundishwa njia hiyo kama vile watoto wengine wafundishwavyo sala.

Nchi ya pili ilikuwa chini ya miguu yake. Katika shule za makazi hayo watoto walifuata mtaala wa Tanzania. Walijifunza kusoma kwa Kiswahili, wakahesabu kwa Kiswahili, wakasoma habari za Mirambo, za Mkwawa na za Vita vya Maji Maji kama historia yao wenyewe. Waliimba wimbo wa taifa kila asubuhi mbele ya bendera. Wasichana walisuka nywele na kufunga khanga kama wenzao wa Tabora. Wavulana walibishana juu ya timu za Dar es Salaam, mji ambao wengi wao hawakuruhusiwa hata kuusogelea.

Hata majina yalikuwa na nchi mbili. Warundi huwaita pacha Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo. Wanyamwezi na Wasukuma huwaita Kulwa na Doto. Mama mjamzito wa Ulyankulu, aliyesaidiwa kujifungua pacha na jirani yake wa Kinyamwezi, alikuwa na majina mawili tayari kwa kila mtoto kabla maji ya kuwaogesha hayajapoa.

Tena, makazi hayo yalitoa kitu kilichovuka mipaka yake. Katika Ulyankulu barabara zilipewa namba, nazo namba zikawa anwani za watu. Kutoka barabara mojawapo ilitokea kwaya iliyojulikana kwa anwani hiyo: Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Kaseti zake zilisikika katika nyumba, mabasi na maduka ya Afrika Mashariki. Akina mama wengi waliokuwa wakifua au kupika huku wakifuatisha sauti zile hawakujua kwamba walikuwa wanasikiliza watoto wa wakimbizi. Waliwajua kama waimbaji wa Tanzania, na Kiswahili cha nyimbo zile hakikuwapa sababu ya kudhani vinginevyo.

KIBALI NA KIZUIZI

Lakini mwimbaji ambaye sauti yake ilifika mbali namna hiyo, yeye mwenyewe hakuweza kutoka makazini bila ya kibali. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1965, na baadaye ile ya mwaka 1998, mkimbizi alipaswa kuishi mahali alipopangiwa. Aliyetaka kwenda kumwona mgonjwa hospitali ya mji, au kuuza mahindi, au kumpeleka binti shule ya sekondari, alikwenda kwanza ofisi ya mkuu wa makazi, akaeleza anakokwenda na siku atakayorudi, akaandikiwa karatasi. Njiani palikuwa na kizuizi, na askari aliyesimama hapo alitimiza wajibu wake: aliomba karatasi.

Hapo ndipo vijana wengi walipojifunza kwa mara ya kwanza kwamba wao ni nani. Nyumbani waliambiwa habari za Burundi, lakini hadithi ni hadithi. Shuleni waliambiwa wao ni taifa la kesho. Kizuizini basi zima liliachiwa lipite ila wao, ambao lafudhi yao, darasa lao na nguo zao havikuwa na tofauti yoyote na za jirani aliyeketi kando yao. Neno mkimbizi hutokana na kukimbia, kama vile impunzi ya Kirundi itokanavyo na guhunga, ambayo maana yake ni hiyohiyo. Kijana aliyezaliwa Katumba hakuwa amekimbia kitu. Hata hivyo alirithi neno hilo kama mtoto arithivyo deni la baba.

Askari naye hakuwa na kosa. Yeye hupewa amri ya kutofautisha raia na asiye raia, wala hakuna amri iwezayo kumwonyesha kilichomo moyoni mwa mtu. Mwishoni mwa mwaka 1997, wakati vita vya Burundi vilipokuwa vimepamba moto na Tanzania ikihofia usalama wa mpaka wake, jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka kambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa katika vijiji hivyo miaka mingi, wakaoa na kuolewa humo.

WATU WA MJINI NA WATU WA MISHAMO

Kutoka Mpanda barabara huelekea kaskazini, ikapita upande wa Mishamo, ikafika Uvinza penye chumvi mashuhuri, na hatimaye Kigoma. Ni safari ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Wakimbizi wengi wa mwaka 1972 walisafirishwa kutoka upande huo wa ziwa kwenda msituni. Lakini si wote waliokubali kupelekwa. Wapo waliobaki Kigoma na Ujiji kimyakimya.

Katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa anthropolojia aitwaye Liisa Malkki aliishi na watu wa pande hizi mbili, akachapisha kitabu juu yao mwaka 1995. Alikuta tofauti kubwa. Huko Mishamo, ambako wakimbizi waliishi peke yao wakiwa wametengwa na wenyeji, walijiona kuwa taifa lililo uhamishoni, na kila tukio la maisha lilipimwa kwa habari za mwaka 1972. Mjini Kigoma, ambako waliishi kwa kuchanganyika, wengi hawakutaka jina la mkimbizi hata kidogo. Walioa Waha, wengine wakasilimu, wakafanya biashara sokoni, wakajiita watu wa Kigoma. Ni rahisi kuelewa jinsi walivyoweza: Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana, na masikio ya mtu wa Dar es Salaam hayawezi kuvitofautisha.

Watu walikuwa wale wale, waliokimbia mwaka ule ule, pengine kutoka kilima kimoja. Kilichowatofautisha ni mahali walipowekwa na namna walivyowekwa. Ukuta humfanya mtu akumbuke alikotoka. Soko humfanya ajifunze alipo.

MWAKA WA KUCHAGUA

Mkataba wa Amani wa Arusha, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliusuluhisha kwa miaka mingi na Nelson Mandela akaukamilisha, ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Vita vya Burundi vilipopungua, Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana mwaka 2007 kumaliza jambo la wakimbizi wa 1972. Katika makazi matatu ya zamani walihesabiwa watu wapatao 218,000, na walio wengi kabisa walikuwa wamezaliwa Tanzania. Kila mmoja aliulizwa: utarudi Burundi, au utaomba uraia wa hapa?

Swali hilo liliingia katika kila nyumba na kuketi kwenye kila mkeka. Mzee alitaka kurudi, azikwe kwenye itongo. Mwanawe alikuwa na shamba la tumbaku na deni la mbolea. Mjukuu alikuwa sekondari, akikaribia mtihani. Bibi alikuwa na makaburi ya watoto wawili nyuma ya nyumba, naye alijiuliza nani atayapalilia. Zilikuwako nyumba ambazo ndugu wa tumbo moja waligawanyika, huyu akajiandikisha kwenda, yule akajiandikisha kubaki. Hesabu ilipokamilika, takriban watu 4 katika kila 5 walikuwa wameomba kubaki. Wapatao 46,000 walichagua kurudi.

Jambo hilo halikuwa geni kabisa kwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa imefungua mlango wa uraia kwa wakimbizi kutoka Rwanda wapatao 36,000. Lakini idadi ya safari hii ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Si mara nyingi nchi yoyote duniani imewapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Furaha ilichelewa. Ilikusudiwa kwanza kwamba raia hao wahame makazini na kutawanywa katika mikoa mbalimbali, ndipo wapewe vyeti vyao. Watu waliokwisha kuukana uraia wa Burundi, na ambao cheti cha Tanzania kilikuwa hakijafika mikononi mwao, walikaa miaka minne katikati ya njia. Wengi walisita kukarabati nyumba. Wengine walijiuliza kama kuna maana ya kupanda mwembe ambao embe zake zitaliwa na mwingine. Hatimaye Serikali iliamua kwamba wanaweza kubaki pale pale walipo, na mwezi wa Oktoba 2014 ugawaji wa vyeti ulianza. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisimama katika foleni ya kupiga kura kwa mara ya kwanza.

Walipewa pia jina jipya: raia wapya. Ni jina la heri kuliko lile la awali. Lakini mtu wa miaka 40, aliyezaliwa Ulyankulu na kusoma Ulyankulu, akaoa na kuzika wazazi wake Ulyankulu, ana haki ya kuuliza upya huo utachakaa lini. Wapo pia wale ambao majina yao hayakuwamo katika orodha, kwa sababu hii au ile, nao wanaishi mlango wa pili na ndugu zao wenye vyeti.

NG'AMBO YA MPAKA

Na wale waliochagua kurudi? Msafiri anayetaka kujua habari zao hutoka Kigoma kuelekea kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Hupita milima ya Gombe yenye sokwe, akafika Kagunga kwenye mpaka, na baada ya hapo ni Burundi. Nchi haibadiliki. Michikichi ni ile ile, mawese ni yale yale, milima hushuka ziwani kwa namna ile ile. Samaki ambaye Kigoma ni mgebuka, Nyanza-Lac ni mukeke. Dagaa wa Kigoma huko huitwa ndagala. Wavuvi wa pande mbili humvua katika maji yale yale, wakimkaanga kwa mafuta yale yale. Ni jina tu lililobadilika.

Kwa samaki hilo ni jambo jepesi. Kwa mtu si jepesi. Wazee waliorudi walikuta itongo lina wenyewe. Mengine yalikaliwa na jirani, mengine na watu waliogawiwa na serikali zilizopita, mengine yalikuwa mashamba makubwa ya michikichi. Aliyelikalia alikuwa amekaa zaidi ya miaka 30, amejenga, amezaa na kuzika hapo. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya taifa ya kuamua mashauri ya ardhi na mali. Mara nyingine shamba liligawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyerudi na aliyekuta. Mara nyingine halikugawanyika ila kwa chuki. Waliokosa kabisa kujua kilima chao walijengewa vijiji vya pamoja.

Watoto wao walipata msiba wa aina nyingine. Huko Burundi masomo huanza kwa Kirundi na kuendelea kwa Kifaransa. Kijana aliyetoka Mishamo alikuwa na Kiswahili safi, Kiingereza kidogo, na Kirundi cha mekoni, ambacho humtosha mtu kuomba chakula na kusikiliza hadithi, lakini hakimtoshi kuandika insha. Wengi walirudishwa madarasa ya chini, wakaketi na watoto waliowapita umri kwa miaka kadhaa. Walipomwamkia mzee kwa shikamoo, mzee alisita. Wenyeji waliwaita Watanzania. Kule Tanzania, wakati wa kibali na kizuizi, walikuwa wameitwa Warundi.

Hata hivyo Kiswahili kiliwasaidia kuliko walivyotazamia. Burundi ina Waswahili wake tangu zamani, hasa katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, na masoko ya Rumonge na Nyanza-Lac husikika Kiswahili kutwa. Mwaka 2007 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kikawa somo katika shule zake za msingi. Lugha ambayo mtoto aliona haya kuisema barazani ikawa mali. Aliyekuwa akichekwa darasani alitafutwa sokoni, kwa sababu alijua kuongea na wafanyabiashara wa Kigoma na wa Uvira.

Kisha yakaja machafuko ya mwaka 2015. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya watu walijazana katika ufuko mwembamba wa Kagunga, na meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kabla ya vita vya mwaka 1914, ikafanya kazi ya kuwavusha hadi Kigoma kundi baada ya kundi. Miongoni mwao walikuwamo watu waliorudi kutoka Tanzania miaka michache tu iliyotangulia. Safari hii hawakupewa jembe. Walipelekwa kambini Nyarugusu na Nduta, ambako watoto walifundishwa kwa mtaala wa Burundi, ili wasisahau kwamba watarudi. Mtoto wa 1972 alifundishwa kuwa mtu wa mahali alipo. Mtoto wa 2015 alifundishwa kuwa mtu wa mahali alipotoka. Kila mfumo una hoja zake. Lakini hakuna mfumo uliowahi kumzuia mtoto kupapenda mahali alipojifunzia kutembea.

KWAO NI WAPI

Mkosa kwao mtumwa, walisema wahenga, na maneno hayo yamewatisha wengi waliozaliwa ugenini. Habari za Katumba zinaonyesha kwamba kwao mtu hakuwi kumoja, wala hakuji kwa siku moja. Jembe huanza kazi, maana ardhi humjua anayeitoa jasho. Kaburi hufuata, kwa sababu pale ulipomzika mama hupaiti tena njiani. Kisha lugha ya watoto. Mwisho huja karatasi, na wanaoidharau karatasi ni wale tu ambao hawajawahi kuteremshwa katika basi kwa kuikosa. Kupata karatasi hiyo hakumlazimu mtu kuitupa njia ya itongo aliyofundishwa na babu yake. Mjukuu wa Ulyankulu anayejua kilima cha Burundi kwa hadithi hajaipunguzia Tanzania kitu, kama vile Mhehe wa Dar es Salaam asivyoipunguzia nchi kwa kukumbuka Iringa.

Garimoshi la kurudi Tabora husimama Katumba kwa muda mfupi. Wanawake hupandisha magunia ya maharagwe, vijana hupokezana masanduku dirishani, mwanafunzi huagana na bibi yake aliyemsindikiza akiwa amejifunga khanga mbili. Bibi humpa nasaha kwa Kirundi. Mwanafunzi hujibu kwa Kiswahili, kisha, akiona macho ya bibi, huongeza maneno mawili ya Kirundi. Njia ya Kaliua ni ile ile, na misitu ni ile ile ambayo zamani hakuweza mtu wa Katumba kuipita bila ya kueleza ni nani, anakwenda wapi na atarudi lini. Mkaguzi hupita behewa kwa behewa. Mbele ya mwanafunzi husimama kama anavyosimama mbele ya abiria wengine wote, akanyosha mkono, akaomba tiketi.